Staa Anataka Picha ya Banyambala wa 1986 kwa Laki Tatu, Mimi Nasema Mzee Asiuze Hivi Hivi

Kuna staa mmoja wa Bongo, jina tuliache maana mwanasheria sina, mwezi uliopita aliposti ukuta wa sebule yake. Kwenye fremu kuna kadi ya zamani ya mchezaji wa besiboli wa Marekani. Watu wakajaza vimoto kwenye komenti. Nina uhakika nusu yao hawajui hata besiboli inachezwa na watu wangapi. Mimi mwenyewe nilienda kugugo (ni tisa).

Haikupita wiki mbili, mtu wake akaonekana huku kwetu Kawetele, kwa mzee mmoja jirani. Mzee ana picha ya Tukuyu Stars ya 1986, nyeusi na nyeupe, wamepanga mistari miwili. Dau likatajwa laki tatu taslimu. Eti staa anataka ikae kwenye video yake mpya, halafu iende kwenye ule ukuta.

Mzee hajajibu mpaka leo. Wajukuu wanamwambia uza babu, bati linavuja. Na kweli linavuja, nimeliona.

Kabla hamjaanza povu, tuongee kuhusu hizo kadi. Zamani kule Marekani zilikuwa zinauzwa pamoja na bigijii, mtoto anatafuna bigijii anabaki na mchezaji wake. Kadi ya Mickey Mantle iliyotolewa na Topps mwaka 1952 iliuzwa 2022 kwa dola milioni 12.6. Kwa hela yetu ya wakati ule ni karibu bilioni 30, kwa kikaratasi kinachoingia mfukoni! Na mnajua kwa nini ni adimu? Zilizokosa wateja, kampuni yenyewe ilizipakia kwenye boti mwaka 1960 ikaenda kuzimwaga baharini karibu na New York. Nyingine mama wa watu walitupa wakifanya usafi. Baadaye miaka ya 80 na 90 watu wakashtuka kwamba kadi ni hela, kampuni zikachapa mamilioni kwa mamilioni, kila mtu akahifadhi, na hizo leo nyingi hazinunui hata chipsi.

Kwa hiyo bei inakuja pale kitu kinapokuwa kimepotea kwa wengine. Sasa niambieni picha ngapi za Banyambala zimebaki? Huku mvua hainyeshi kwa mchezo, picha ikikaa sandukuni bila kuangaliwa inaota ukungu, inashikana na mwenzake, ukibandua uso wa mtu unabaki kwenye nailoni.

Na kwa watoto wa Dar msioelewa: Tukuyu Stars ilipanda daraja ikachukua ubingwa wa Bara hapo hapo, 1986. Banyambala ni wanaume, kwa Kinyakyusa. Simba na Yanga zote zilikuwepo, hazikuwa likizo. Tangu hapo ukiziweka hizo mbili pembeni unabaki na Coastal Union 1988, Mtibwa 1999 na 2000, Azam 2014. Basi. Timu ya mji wa ndizi na chai!

Ila kitu kilichoniumiza sio laki tatu. Mzee alinipa picha niishike, nikaigeuza nyuma. Tupu. Hakuna jina hata moja. Kadi ya besiboli ukiigeuza unakuta jina la mchezaji, kazaliwa lini, timu gani, kapiga ngapi. Mmarekani wa miaka 25 anamjua mtu aliyecheza kabla babu yake hajazaliwa, kwa sababu ya mgongo wa kadi. Yetu mgongo wake ni kichwa cha mzee. Nikamwomba anitajie. Akaweka kidole, huyu fulani, huyu fulani, huyu alikuwa na mashuti. Alipofika kwa wawili akanyamaza muda. "Mwanangu, hawa nilikuwa nawajua."

Staa angekaa dakika kumi kwenye lile benchi akauliza majina, mimi leo nisingeandika. Hakuuliza, mtu wake alipima fremu kwa rula akaondoka. Hata video yenyewe naona itakuwa na wanaume kumi na moja waliosimama nyuma ya bosi kama pazia.

Simwambii mzee asiuze. Bati ni bati, na wanaosema "urithi wetu" kule Insta hakuna aliyetuma hata elfu kumi. Nachosema kwanza picha iende stationari iskaniwe, majina yaandikwe, halafu ndio aongee bei. Na laki tatu ni matusi. Hiyo video location yake tu inazidi hapo.

Jumamosi nilienda na simu nikaipiga, nimeiweka hapo chini kwa ruhusa ya mzee. Majina tisa tumeshayaandika. Bado aliyechuchumaa wa pili kutoka kushoto, mwenye bandeji gotini, na yule mrefu wa nyuma mwisho kulia. Kama nyumbani kwenu kuna mtu aliyeshuhudia soka la Tukuyu miaka ile, muonyeshe usiku huu kabla hajalala.