Usidondoshe ovyo!

Anayeanza padeli, ule mchezo wa raketi ndani ya kuta za vioo, utamjua tu: kila mpira anataka kuudondosha karibu na wavu. Masihara hayo! Kwetu anayefungwa ndiye analipia uwanja, na mimi nauli ya kurudi Gongo la Mboto naihitaji. Toka wavuni hadi kioo cha nyuma ni mita 10 tu, jamaa aliyekaa katikati anaufikia huku anapiga mluzi. Msubiri abanwe nyuma, kisigino kwenye kioo. Hapo legeza mkono, kata mpira kwa chini, udunde mara mbili kabla hajafika. Halafu usisimame kujishangaa, bwana. Kimbilia wavuni, maana akiuwahi naye atakudondoshea.