Benki nayo huugua, mshikaji

Haya washikaji, wiki hii safu yenu imepiga kambi Lipingo, ufukweni Ziwa Nyasa. Mambo ya huku ni usipa na upepo, lakini soga iliyonoga kijiweni ni ya benki. Eti kwa nini vijana wanaopeleka usipa Mbinga mjini bado wanafungia ngawira kwenye debe? Jibu nililopewa: "Kaka, si benki ya Mbinga ilikufa?"

Kweli ilikufa. Mei 2017 Benki Kuu iliifutia leseni Mbinga Community Bank, mtaji wake ulikuwa umepungua mno kuliko sheria inavyotaka. Januari 2018 zikafuata tano kwa mpigo, za Njombe na Meru zikiwamo. Soo!

Mtaji wenyewe sio zile hela ulizoweka wewe. Zako ni deni, benki unaidai. Mtaji ni fedha za wenye benki. Waliokopa wakigoma kulipa, hasara inatafuna mtaji kwanza, ukiisha inageukia za kwako. Na kabenki ka wilaya kanakopesha majirani wa zao moja. Kule milimani Mbinga ni kahawa. Bei ikiporomoka, wadeni wote wanakwama msimu mmoja. Benki kubwa ina Kariakoo, ina Mwanza, ina mishahara ya walimu, inapumua.

Mikopo isiyolipika wataalamu wanaiita chechefu (utadhani ugonjwa wa kuku). Benki Kuu inataka isizidi asilimia 5 ya mikopo yote. Mwaka 2017, ukijumlisha mabenki yote nchini, ilipita 10. Mwisho wa 2023 ilikuwa imeshuka chini ya 5, kwa hiyo msiseme nawatisha.

Hesabu hizo mabenki huzitangaza magazetini kila robo mwaka. Ndiyo yale majedwali tunayofungia vitumbua! Tafuta mstari wa mtaji na wa chechefu, jengo la vioo lisikuzuge.

Halafu kuna Bodi ya Bima ya Amana. Mbinga ilipofungwa, bima ilimlipa mteja mwisho Sh 1,500,000. Aliyezidisha alisubiri mali za benki ziuzwe na wadeni wabanwe. Baadaye kiwango kilipandishwa hadi Sh 7,500,000 kwa mteja katika kila benki. Mwenye milioni 20 (wapo, tuwaache) akizigawa benki tatu, zote zinaingia kwenye bima. Debe halina bima.