Linux na Windows katika mashini moja: kila mfumo upewe diski yake

BUKAVU – Tangu Microsoft imalize msaada wa kawaida wa Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, kijana mwenye mashini ya zamani na hamu ya kucheza ana sababu nzuri ya kujaribu Linux. Wengine hawataki kuacha Windows kabisa, na hawakosei: matoleo ya karibuni ya EA Sports FC, mchezo wa mpira, hayachezeki kwenye Linux kwa sababu ya ulinzi wake dhidi ya wadanganyifu. Basi mifumo yote miwili inawekwa katika mashini moja. Hatari inaanza pale inapobanwa katika diski moja.

Ili Linux ipate nafasi humo, sehemu ya Windows lazima ipunguzwe. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, vilivyomo vinaweza kupotea. Na mara nyingi mashini ya nyumbani ni moja tu: ndani yake kuna michezo ya kijana, lakini pia TFC ya dada yake, picha za arusi na hesabu za duka la mama. Mchezo unaweza kupakuliwa tena. TFC iliyopotea wiki moja kabla ya kuitetea hairudi.

Njia inayofaa ni diski mbili. Windows ibaki kwenye diski yake, Linux iwekwe kwenye SSD nyingine, hata ndogo. Fundi anapoweka Linux, achomoe kwanza diski ya Windows, ili kila diski iwe na sehemu yake ya kuwashia. Hivyo moja ikifa, nyingine inaendelea kuwaka.

Kuna watakaosema: mega ni ghali, michezo ikae pahali pamoja, isomwe na mifumo yote miwili. Habari ya mega ni ya kweli, lakini dawa si hiyo. Proton, programu ya Valve inayoendesha michezo ya Windows kwenye Linux tangu 2018, hutengeneza majina ya faili ambayo Windows haiyakubali. Tena Windows iliyowekewa kuwaka haraka haizimiki kabisa. Linux ikilazimishwa kuandika kwenye diski hiyo, faili zinaweza kuharibika. Afadhali kunakili folda ya mchezo na kuipeleka upande wa Linux. Steam itaikagua na kupakua kinachokosekana tu.

Kazi za masomo, picha na hesabu zinakiliwe kwanza kwenye diski ya nje au flashi, na ziwekwe mbali na mashini. Fundi anayetaka kuanza kabla ya kuuliza vitu vya familia vimehifadhiwa wapi, wazazi wasimpe mashini.