Mnapotoka mume na mke kwa mahitaji ya futari: Samaki awe wa mwisho



Ramadhani inapokaribia, na hata ikishaingia, ipo siku moja ambayo karibu kila nyumba ya Kiislamu hapa Dar es Salaam huipitia. Baba hana kazi siku hiyo, mama amewaacha watoto kwa bibi yao, na wawili hao wanatoka asubuhi kumaliza mizunguko yote kwa mkupuo mmoja. Wanaanzia Feri kwa samaki, kwa kuwa asubuhi ndiyo mnada umechangamka. Kisha benki. Kisha Kariakoo, Mtaa wa Kongo, kwa nguo za watoto za Idd. Adhuhuri wanaswali msikiti ulio karibu, wanapita kwa fundi kuchukua kanzu, na alasiri wanaingia kwenye magenge ya futari kununua vitumbua, kalimati, sambusa na mihogo ya nazi. Magharibi wanafika nyumbani wamechoka, na yule samaki wa saa mbili asubuhi bado yumo kapuni.

Safu hii wiki hii inamzungumzia huyo samaki, na hivyo vitumbua pia.

Tuanze na samaki. Wengi wetu tunapenda jodari na vibua kwa sababu wana nyama na bei yao inavumilika. Samaki wa aina hii wana jambo moja ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Akishakufa na kukaa kwenye joto, vijidudu huanza kugeuza nyama yake na kutengeneza sumu iitwayo histamini. Sumu hii haifi kwa moto. Utamkaanga mpaka akauke, utamchemsha na ndimu na tangawizi, nayo itabaki pale pale. Wala usitegemee pua, kwani samaki anaweza kuwa nayo kabla hajaanza kunuka. Mlaji huona uso unawaka na kuwa mwekundu, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio, mwili unawasha, pengine na kuhara. Watu husema, "Fulani ana aleji ya jodari." Pengine hana aleji yoyote, bali jodari alizungushwa mjini kutwa nzima kwenye daladala.

Dawa yake ni ratiba. Nguo za Idd hazichachi. Risiti ya benki haiozi. Kwa nini basi tuanze na kitu pekee kinachoharibika? Najua jibu la akina baba: "Tukichelewa samaki wazuri watakwisha." Ni kweli, lakini hapo mna njia mbili. Ama mmoja wenu aende Feri alfajiri na kurudi naye moja kwa moja nyumbani, ama mtoke na deli lenye barafu ya kutosha kumfunika samaki, isiwe vipande viwili vya kujifariji. Kama hamna deli wala muda, nunueni samaki mwisho wa safari kutoka kwa muuzaji aliyemlaza kwenye barafu. Na nyama ya ng'ombe na kuku wa kuchinjwa hukumu yao ni hiyo hiyo. Nasema haya kwa akina baba zaidi, kwa kuwa mara nyingi ndio wenye pesa mfukoni na ndio wanaopanga tuanzie wapi, ilhali mama ndiye atakayelaumiwa jikoni mchuzi ukiwa na walakini.

Sasa twende kwenye magenge. Sisemi msinunue chakula cha nje. Mama lishe wengi ni wajane na mama zetu wanaosomesha watoto kwa bagia na kachori, na kununua kwao ni kheri. Ninachosema ni mtazame kabla ya kutoa pesa. Chakula kimefunikwa kwa kawa au kitambaa safi, au nzi ndio wenyeji wake? Anayepokea noti ndiye huyo huyo anayeshika sambusa kwa vidole? Kachumbari imekatwa saa ngapi? Barafu iliyomo kwenye juisi ya ukwaju imetoka kwenye maji gani? Wengi hudhani baridi inaua vijidudu. La hasha, baridi huvilaza tu, na barafu ikiyeyuka kwenye gilasi vinaamka. Chukua kilicho cha moto kinachotoka kwenye karai mbele ya macho yako, na juisi ukaitengeneze nyumbani.

Wataalamu wa afya wanatuambia kuwa chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 kwenye joto la kawaida la chumba. Hatari iko kati ya nyuzijoto 5 na 60, na Dar es Salaam tunaishi katikati ya hizo mwaka mzima. Kijidudu kimoja kikipata joto na unyevu vinavyokifaa huweza kujigawa kila baada ya dakika 20 hivi. Piga hesabu mwenyewe: katika muda wa saa 4 kimoja kinakuwa zaidi ya 4,000.

Mihogo ya nazi imeepuliwa saa tisa alasiri. Mmeinunua saa kumi na moja, mmeila magharibi, iliyobaki imefunikwa mezani, watu wamekwenda Tarawehe, wamerudi, wamelala. Saa kumi alfajiri inapashwa kidogo na kuliwa daku. Hizo ni saa 13. Vyakula vya nazi huchacha upesi, hilo kila mama analijua, na akisikia harufu atavimwaga. Wali ndio wenye hila. Kuna kijidudu ambacho mbegu zake haziuawi na kuchemka kwa maji. Wali ukikaa kwenye joto la chumba usiku kucha, mbegu hizo huchipua na kutoa sumu ambayo kupasha hakuiondoi. Mtu anakula daku, na kabla jua halijapanda anatapika. Wali wa daku ama upikwe usiku huo huo, ama ule wa futari ugawanywe kwenye vyombo vidogo na uingie kwenye friji mapema, kabla ya kwenda Tarawehe. Asiye na friji apike unaokwisha.

Wapo wanaosema, "Nimeshasema Bismillahi, hakuna kitakachonidhuru." Bismillahi ni baraka na kinga, hilo hatubishani. Lakini Mtume (s.a.w.) aliyetufundisha kuanza kula kwa jina la Allah ndiye aliyeamuru vyombo vifunikwe na viriba vifungwe midomo, na ndiye aliyekataza kupumulia ndani ya chombo cha kunywea. Na yule aliyeuliza kama amwache ngamia wake huru na kutawakali aliambiwa amfunge kwanza.

Nina neno pia juu ya vifungashio. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku, na hilo ni jema, lakini bagia za moto bado zinafungwa kwenye magazeti. Wino wa gazeti haukutengenezwa kuliwa, na mafuta ya moto huuvuta. Isitoshe, magazeti yetu, likiwemo hili uliloshika, yana aya na majina ya Allah. Yanafungia kachori, kisha yanatupwa jalalani. Tokeni nyumbani na bakuli lenye mfuniko au hotipoti. Muuzaji hatakasirika, atafurahi kuokoa karatasi.

Lawama lakini zisiishie kwa mama lishe wala kwa mnunuzi. Kipindupindu kilipolipuka Dar es Salaam Agosti 2015 na kuenea mikoa mingi, vidole vilielekezwa kwa wauza vyakula. Ni sawa. Ila mwulize mama huyo anaosha wapi sahani zake. Atakuonyesha ndoo moja ambayo maji yake yamekuwa meusi tangu adhuhuri, kwa sababu bomba liko mbali na kila ndoo ni pesa. Ushuru anatoa, bomba hana. Bwana afya anapita kukagua ndoo, hakuna anayepita kuleta maji.

Na hapa nawageukia viongozi wa misikiti. Mara nyingi magenge ya futari hukaa ubavuni mwa msikiti wenye kisima na mabomba ya udhu. Kamati inashindwa nini kuwawekea wauzaji bomba moja la nje na sabuni, walau kwa mwezi huu? Najua wapo watakaosema maji yale ni wakfu kwa ajili ya udhu tu. Hilo waulizwe masheikh, nao wataeleza mipaka yake. Kama haifai, ufunguliwe mchango wa bomba la pili baada ya swala ya Ijumaa. Tunachangia mazulia na vipaza sauti, na bomba la kunawia linamlinda anayekuja kuswali juu ya zulia hilo.

Mtu akishaanza kuhara nyumbani, msisubiri. Changanyeni ORS kwa kufuata maelekezo ya pakiti. Kama haipo, tumieni lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Mtoto aendelee kunyonya na kula, na kituo cha afya kitampa vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14. Kuhara maji meupe kama ya kuoshea mchele, macho kuingia ndani, kukosa mkojo au kuona damu, hapo ni hospitali mara moja, usiku au mchana. Na mgonjwa aliyefunga afungue anywe. Ruhusa hiyo imo ndani ya Qur'an, na siku hizo atazilipa akishapona.