Kabla ya kulipia 'duka' la mtandaoni, uliza mnunuzi ni nani

Msimu wa mavuno ukiisha na mkulima akishalipwa fedha zake za korosho, pamba au mahindi, simu yake nayo huanza kupokea ujumbe mtamu. Anaambiwa alipe ada ya kujiunga, apewe 'duka' lake kwenye intaneti, auze bidhaa za kampuni bila kuzinunua wala kuziona, na fedha ziingie hata akiwa amelala. Mwenye kibanda sokoni naye anaambiwa hayo hayo.

Si kila biashara ya aina hii ni utapeli. Kuuza bidhaa za mwingine kwa kamisheni ni kazi ya siku nyingi, na wapo mawakala wa mbegu na sabuni wanaosomesha watoto kwa kazi hiyo. Kinachotakiwa ni kumtofautisha wakala halali na mtego. Kwa maoni yangu, swali la kuanzia ni moja: faida inatoka mfukoni mwa nani?

Kwa muuzaji wa kweli, faida inatoka kwa mnunuzi wa mwisho, yaani mtu anayehitaji bidhaa na asiyejali habari za kujiunga. Ukichukua taa ya sola kwa Sh20,000, ukaiuza Sh25,000 na kutumia Sh2,000 kwa nauli, umepata Sh3,000. Hesabu inaonekana. Lakini ukiona malipo yanatokana na ada za wanachama wapya, huo ni upatu. Hapa sizungumzii mchezo wa akina mama wa kupeana zamu, bali ule unaokatazwa na kifungu cha 171A cha Kanuni ya Adhabu.

Hesabu za upatu hazina siri. Tuseme kila mwanachama anatakiwa kulete watu watano. Mmoja analeta 5, hao wanaleta 25, kisha 125. Ikifika hatua ya 11, waliojiunga tangu mwanzo ni zaidi ya milioni 61, karibu sawa na Watanzania wote waliohesabiwa katika Sensa ya mwaka 2022, vichanga wakiwamo. Kati yao, zaidi ya milioni 48 ni wa mstari wa mwisho. Hao ni wanne katika kila watano, na hawana tena wa kumleta. Ada zao ndizo zilizoitwa faida ya waliotangulia.

Tumeshayaona haya. DECI waliita mchezo wao 'kupanda mbegu'. Mwaka 2009 Serikali iliusimamisha, na mwaka 2013 viongozi wake walitiwa hatiani katika Mahakama ya Kisutu. Baadaye ukaja mradi wa Mr. Kuku, ulioahidi faida ya asilimia 70 ndani ya miezi minne, nao ukaishia Kisutu mwaka 2020. Mfugaji anayenunua chakula cha kuku kwa fedha yake anajua kuwa hakuna banda linaloweza kumhakikishia mtu faida hiyo.

Matapeli hupenda kuonyesha cheti cha BRELA. Cheti hicho kinathibitisha kuwa kampuni imesajiliwa, basi. Hakiipi ruhusa ya kupokea amana za wananchi. Ruhusa hiyo hutolewa na Benki Kuu. Vilevile, usitulie kwa sababu jirani alitoa Sh30,000 zikatoka. Hicho ni chambo. Na ukitaka kutoa fedha zako ukaambiwa ulipe kwanza 'kodi' au 'ada ya kufungua akaunti', usiongeze hata senti moja.

Njia ya kupima ni rahisi. Omba bidhaa moja tu, iuze kwa mtu asiye mwanachama, halafu piga hesabu ya kilichobaki baada ya nauli na gharama za kutuma fedha. Kampuni yenye bidhaa inayouzika haitakataa. Ikikwambia kwamba lazima kwanza ulipe kiingilio kikubwa na kutafuta wenzako, umeshapata jibu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Fedha ya mbegu na mbolea ya msimu ujao si ya kujaribia bahati. Mvua haitamsubiri mkulima anayehangaika kudai fedha zake kwenye simu isiyopokelewa.