Spana Kabla ya Usukani

Vijana wetu wautaka usukani, spana hawaitaki. Na sisi wazazi twawasaidia kupotea, kwani fundi twamwona ni mtu aliyekosa shule.

Basi na tumtazame marehemu Joginder Singh, Singasinga aliyezaliwa Kericho mwaka 1932. Kabla ya kuwa bingwa alikuwa fundi, akijua kulala chini ya magari ya watu. Mwaka 1965, yeye na nduguye Jaswant waliingia Safari Rally kwa Volvo iliyokwisha tumiwa na wengine, wakashinda. Mwaka 1974 alishinda tena kwa Mitsubishi, akimwacha nyuma Björn Waldegård na Porsche yake. Na 1976 akatwaa ushindi wa tatu.

Matope hayamjui mtu kwa jina, humjua kwa kazi. Biashara nayo ni vivyo hivyo: sifa za vikombe humleta mteja mara moja, kazi safi ndiyo humrejesha.

Joginder alifariki mwaka 2013. Mzazi mwenzangu, mwanao akirudi nyumbani na oili mikononi, mpe sabuni, usimpe matusi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.