Hesabu ya Binti

Ilipofunguliwa skuli ya kwanza ya serikali ya wasichana huko Unguja, mwaka 1927, watoto walisomeshwa Qur'ani na dini, kusoma na kuandika, hesabu, upishi na kushona. Wazee wengi hawakuwa na neno juu ya chungu na sindano. Khofu yao ilikuwa kalamu, wakidhani binti atawaandikia barua wasiomhusu. Khofu hiyo imepungua, alhamdulillahi. Lakini hesabu twaiona bado yadharauliwa majumbani. Binti akishindwa na sehemu huambiwa: "Wacha, mwanangu, wewe utaolewa."

Natutazame. Mtu amefariki, ameacha mke, mwana mmoja wa kiume na binti mmoja, hana mrithi mwengine. Baada ya mazishi, madeni na wasia, zimebaki shilingi 2,400,000. Mke ana thumni, yaani moja katika nane: 300,000. Zilizosalia ni za watoto, mwanamume mafungu mawili na binti fungu moja: 1,400,000 na 700,000. Haya yamo katika Suratun Nisaa, aya ya 11 na ya 12, nayo ni hesabu ile ile ya ubaoni.

Asiyeijua hutia dole gumba katika karatasi ya kaka yake au ami yake, kisha akashukuru kwa alichopewa. Wangapi tumewaona! Basi jioni, binti akileta daftari lake, enyi wazazi, chungu na kingoje kidogo. Muulizeni: thumni ya 2,400,000 ni ngapi?